Ile Nyekundu ya Mama

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2022 nilikuwa na mwaka wa tatu nikiuza kanga kwa njia ya simu, huku mchana nikifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari jijini Dar es Salaam. Bidhaa nilizichukua Kariakoo kwa bei ya jumla, nikazipiga picha juu ya kitanda changu, nikazibandika kwenye ukurasa wangu wa Instagram na kupokea oda kwa WhatsApp. Wateja wa mjini niliwapelekea kwa bodaboda, na wa mikoani niliwatumia mizigo kwa mabasi yanayoondoka stendi ya Mbezi Luis. Kazi ya kufunga mizigo na kujibu ujumbe niliifanya usiku, baada ya kusahihisha madaftari, na nadhani mpangilio huo wa saa ndio uliozaa sehemu kubwa ya kosa ninalolieleza hapa, kwa kuwa nilikuwa nikitoka kwenye kalamu nyekundu na kuingia moja kwa moja kwenye simu.

Aliyewahi kuuza kwa njia hii anajua ujumbe unavyokuja. Mtu ambaye ukikutana naye njiani angekusalimu, akauliza habari za nyumbani na za watoto kabla ya kutaja shida yake, kwenye simu anaandika neno moja tu, «bei». Usipomjibu ndani ya dakika 10 anaongeza, «we unauza au unaringa». Niliudhika na ujumbe wa namna hiyo kwa muda mrefu, mpaka nilipokiri kwamba sisi wauzaji ndio tuliowafundisha watu kuandika hivyo. Tunaficha bei, tunaandika «bei inbox», tunamlazimisha mteja abishe hodi kwa kila kitambaa anachokiona, halafu tunashangaa anapochoka kusalimu katika mlango wa ishirini. Siku hizi bei naiandika kwenye picha yenyewe. Wakati ule nilikuwa bado naificha.

Siku tano kabla ya Idd ukaja ujumbe kutoka Muheza, mkoani Tanga: «nataka io nyekundu ya mama nitumie muheza kabla ya idd ni zawad unifungie vzr». Ukurasa wangu ulikuwa na picha mbili za kanga nyekundu zenye maua ya korosho, zinazofanana mno mtu akizitazama zikiwa zimekunjwa. Ya kwanza nilikuwa nimeibandika juma moja nyuma ikiwa imetandazwa, na jina lake, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, likisomeka chini ya mji wa kanga, ile sehemu ya katikati: NANI KAMA MAMA. Ya pili niliibandika siku hiyohiyo ikiwa imekunjwa, jina likiwa ndani ya mkunjo. Mimi nilielewa kwamba mteja anataka doti nyekundu kwa ajili ya mama yake. Yeye alikuwa anataka doti nyekundu yenye neno la mama. Maneno «ya mama» yanabeba maana zote mbili bila kosa lolote la sarufi, na swali moja tu kutoka kwangu lingetenganisha maana hizo. Sikuuliza. Nilimtajia shilingi 12,000 za doti na 5,000 za usafiri, fedha zikaingia kwenye simu muda uleule, nami nikachukua ile iliyokuwa juu, nikaifunga kwa karatasi ya zawadi na utepe, na asubuhi yake nikampelekea wakala wa basi.

Siku ya Idd, kama saa 3 usiku, niliketi sebuleni na wageni nikaona simu inawaka. Ujumbe ulikuwa huu, nami ninaunakili kama ulivyo kwa sababu bado ninao: «ww dada ni mshenz na mwiz umenialibia kwa mkwe wng adi analia leo sikukuu naonekana mm cna adabu mungu anakuona niludishie ela yng».

Nilisoma «mshenz» na «mwiz», damu ikanichemka. Nikasoma tena, na mara hii macho ya mwalimu yakaenda kwenye herufi zilizopotea. Nikaomba radhi kwa wageni, nikaingia chumbani na kuandika jibu ambalo nalo ninalo hadi leo: «Dada, kwanza jifunze kuandika. Neno ni hela, si ela. Ni hadi, si adi. Pili, picha uliiona kabla ya kulipa na mzigo umeupokea. Sirudishi fedha kwa mtu anayenitukana.» Niliipitia sentensi kwa sentensi kuhakikisha kwamba haina kosa hata moja, kisha nikaituma.

Nililisahihisha neno «adi», lakini sikuuliza ni nani aliyekuwa analia.

Tiki mbili zikageuka bluu, na pakawa kimya. Wageni waliondoka, nikaosha vyombo, nikiamini kwamba tapeli mmoja ameshindwa. Baada ya kama dakika 40 ikaingia picha bila neno lolote. Ilikuwa kanga yangu, imetandazwa juu ya mkeka, na karatasi ya zawadi ikiwa imechanika pembeni. Nililikuza jina kwa vidole viwili. NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE.

Msomaji aliyekulia mahali ambapo kanga husomwa hahitaji maelezo. Mke kumpa mama mkwe kanga yenye neno hilo, mbele ya watu na siku ya sikukuu, ni kumwambia waziwazi kwamba maneno yake hayamtishi. Fumbo la kanga halina njia ya kurudishwa mdomoni, kwa kuwa aliyeitoa anaweza kuapa kwamba hakukusudia, na kiapo hicho ndicho watu wanachokitegemea kutoka kwa aliyekusudia. Ujuzi huu nilikuwa nao tangu utotoni, na darasani nilikuwa nafundisha mafumbo na methali. Pamoja na hayo, nilikuwa nimeanza kuiona kanga kwa rangi na bei yake tu.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti wa dakika 2 na nusu. Nilitarajia matusi. Sauti ilikuwa ya binti mdogo, ya chini, na ilianza kwa «Asalaam aleikum dada yangu, samahani kwa usumbufu wa usiku». Alieleza kwamba ameolewa miezi minne iliyopita, kwamba majirani walikuwa wamebeba maneno baina yake na mama mkwe tangu mwanzo wa mfungo, na kwamba alikuwa amedunduliza fedha ili ampe zawadi ya kuyamaliza. Kwa kuwa mzigo ulifika ukiwa umefungwa vizuri, hakuufungua. Mama aliufungua mbele ya wageni, na wifi yake akalisoma jina kwa sauti. Mwishoni akasema kwamba alipoandika ule ujumbe wa kwanza mikono ilikuwa inatetemeka, akaniomba msamaha kwa neno «mshenzi», halafu akaongeza sentensi ambayo sijaweza kuiweka mbali: «Ila dada, ile ya kuniambia nijifunze kuandika imeniuma kuliko hata kanga.»

Nilimjibu kwa sauti, kwa sababu sikuyaamini tena maandishi yangu usiku ule. Nilimwambia kwamba kosa ni langu mwanzo hadi mwisho, na nikamwomba aniruhusu nizungumze na mama mkwe. Alisita, akasema atajaribu kesho. Fedha zake nilizirudisha zote 17,000 kabla sijalala.

Simu ilipigwa asubuhi ya pili ya Idd. Nilisema, «Shikamoo mama.» Aliitikia «Marahaba» kwa ufupi wa mtu anayesubiri kusikia uongo. Nikamweleza habari za picha mbili, za mkunjo na za karatasi ya zawadi, na kwamba mkwewe aliomba neno la mama nami nikampelekea neno la simba. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, «Kwa hiyo wewe ndiye uliyechagua?» Nikajibu kwamba ni mimi. «Na uliifunga bila kuisoma?» Nikakubali. Akanyamaza kidogo, akauliza mimi ni mtu wa wapi, nami nikamtajia kwetu. «Na huko kwenu,» akasema, «hamsomi kanga?»

Sikuwa na jibu, na nilimwambia hivyo. Hapo sauti yake ikalegea, akanitakia sikukuu njema na kumrudishia mkwewe simu. Sijui walizungumza nini baadaye, na sikuuliza, kwa kuwa hilo halikuwa la muuzaji wa kanga kuuliza.

Doti ya NANI KAMA MAMA niliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha kununuliwa na mtu mwingine. Nilingoja maduka ya Kariakoo yafunguliwe baada ya sikukuu, nikayazunguka karibu nusu siku, na wauzaji wawili wakanionyesha nyekundu nzuri zaidi yenye neno jingine, wakinishangaa kwa kuikataa. Duka la tatu lilikuwa na neno lenyewe, ila kwa rangi ya bluu. Niliitandaza pale pale juu ya marobota, nikaipiga picha ikiwa wazi yote, pindo hadi pindo, nikamwandikia: «Dada, neno ni hili, lakini rangi ni bluu. Nikutumie?» Akajibu, «ndo ilo ilo dada rangi aina neno». Nikaituma kwa basi la jioni bila karatasi ya zawadi, ikiwa imekunjwa jina likiwa juu.

Ilipofika Muheza alinitumia picha ya mama mkwe akiwa ameketi barazani, kanga ya bluu begani. Hakuwa anatabasamu, ila alikuwa ameivaa. Nikamwambia kwamba ile nyekundu abaki nayo au amgawie mtu, sihitaji irudi. Alijibu siku ya pili kwamba mama ameshaikunja na kuiweka chini kabisa ya sanduku lake, na amesema isitolewe wala asipewe mtu.