Siku yangu moja: kusaka sauti za kutia kwenye wimbo

Saa 11 alfajiri
Nishaamka, maana kwa prodyuza anayetaka kurekodi sauti za nyumbani hii ndo saa yenyewe, magari hayajaanza fujo. Wimbo wa leo ni wa mdada anamsubiri mtu usiku kucha mvua inanyesha, so nahitaji mlango, kijiko kwenye kikombe na mvua yenyewe. Rekoda naiweka 96 kHz, yaani inapima sauti mara elfu 96 kwa sekunde, sababu mtaiona mbele. Kwanza narekodi chumba kitupu dakika mbili, kimya kabisa, watu hunishangaa ila kile kimya ndo nakitandika chini ya vipande vyote visisikike vimekatwa.

Saa 2 asubuhi
Mlango. Naubamiza, naufunga taratibu, nauegesha. Kwenye komeo nasogeza maiki karibu kama kiganja hivi, ule mkwaruzo wa chuma kabla haijasema ka! ndo mtamu.

Saa 4
Mvua sasa, hapa ndo pana kazi. Hata ikinyesha kweli, ukiirekodi inatoka kama redio iliyopoteza stesheni, shhhh tu mwanzo mwisho. Kwa hiyo ule mvumo nauweka chini kabisa halafu juu yake napanga matone mojamoja, ya kwenye ndoo iliyopinduliwa, ya kwenye jani, ya dirishani. Ni uongo mtupu lakini watu wanauamini kuliko mvua halisi, sijui kwa nini inanifurahisha hivi.

Saa 6 napumzisha masikio.

Saa 8 mchana
Kompyuta. Sauti zote za mazingira nakata zile nzito za chini ya 100 Hz (mawimbi 100 kwa sekunde), huko ni upepo na mitetemo tu na besi inataka nafasi yake. Mlango wenyewe siukati, naupunguza spidi nusu, unashuka oktavo moja nzima (do hadi do ya chini yake) na ule mbamizo unakuwa mzito hadi nautumia badala ya kiki, ile ngoma nzito ya mdundo, kwenye kiitikio. Hapo ndo 96 kHz inapolipa, maana zile sauti nyembamba za juu kuliko sikio linavyosikia zinashuka hadi zisikike, kama maiki yako inazinasa, la sivyo inatoka butu. Na wala si mambo ya juzi haya, Pierre Schaeffer, Mfaransa aliyetunga muziki kwa sauti zilizorekodiwa, alikuwa anakatakata sauti za treni Paris mwaka 1948, tena kwa sahani za santuri.

Saa 11 jioni
Mdada mwimbaji kaja. "Kaka, mbona mvua siisikii?" Sikumjibu, nikaizima katikati ya ubeti. "Eeh rudisha, rudisha!" Haya. Anapoimba naipunguza kidogo kati ya 2 na 4 kHz maana maneno yake yanasikika hapo, mvua ikijaa hapo anazama. Kijiko kinagonga mara moja tu, kabla ya ubeti wa pili. Yeye anakitaka kila ubeti, nikakataa, msikilizaji ataanza kukisubiri kijiko badala ya kumsikiliza yeye.

Saa 3 usiku
Najaribu kwenye spika ya simu, kiki ya mlango imepotea yote. Nikauweka ule mkwaruzo wa komeo juu yake, sasa hata kwenye simu mlango unafungwa. Nimemtumia mdada faili, kajibu fasta: "Nzuri sana, ila kijiko je?"