Mzee wa Zumari na Klarineti ya Ami

Juzi binti yangu aliusimamisha muziki kwenye simu, akaurudisha mwanzo, kisha akaniuliza klarineti ile inapandaje kwa mlio mmoja mrefu usiokatika, ilhali ina matundu na kila tundu liko mahali pake. Nikamjibu kuwa ni vidole. Hakuridhika, wala mimi sikuridhika, kwa sababu jibu hilo ndilo nililopewa na mwalimu wetu wa bendi kule Lamu, nikalihangaikia likizo nzima bila ya kufika popote.

Alichokuwa akisikiliza ni mwanzo wa Rhapsody in Blue ya mtunzi Mmarekani George Gershwin, iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza New York tarehe 12 Februari 1924. Gershwin aliandika mtetemo wa sauti ya chini, na baada yake ngazi ya noti 17 zinazopanda moja moja. Aliyeziyeyusha noti hizo zikawa glisando, yaani mtelezo mmoja usiokatika, ni mpiga klarineti Ross Gorman, ambaye alifanya hivyo mazoezini kwa mzaha, na mtunzi akapendezwa hata akamtaka aupige vivyo hivyo siku ya onyesho. Mimi niliusikia mzaha huo katika kanda ya ami, chumbani kwake Langoni, na tangu hapo sikutaka kujifunza kitu kingine.

Kwenye karatasi jambo lenyewe ni jepesi. Sehemu ya chini ya ngazi hupigwa kwa kasi kama kawaida, na mtelezo huu wa kwenda juu huanzia pale ambapo vidole sita vimeziba matundu sita ya mbele, huku dole gumba la kushoto likiwa limeziba tundu la nyuma na kubonyeza kitufe kinachoirusha sauti juu. Kutoka hapo vidole huondoka kimoja kimoja kuanzia chini, visiinuliwe bali vivutwe kando, hadi linapobaki dole gumba peke yake. Nilifanya hivyo. Zilinitoka noti sita zilizotengana vizuri kabisa, au ukelele ambao bibi aliuchukia hata akanihamishia darini.

Ilikuwa mfungo sita, na mji ulikuwa umejaa wageni waliokuja kwa Maulidi ya msikiti wa Riyadha. Miongoni mwao alikuwako mpiga zumari mmoja aliyefikia kwa jirani zetu, mzee mwembamba ambaye baada ya sala ya alasiri aliketi barazani akirowanisha kwa mate kilimi cha zumari yake, kile kiulimi chembamba kinachotoa mlio, kabla ya kwenda kwenye kirumbizi, ngoma ya fimbo. Alinisikia kule juu. Akatuma mtoto aniite, na nilipoteremka na kumwamkia, hakuniuliza jina wala nasaba, jambo ambalo kwa mzee wa kwetu ni ajabu. Aliishika klarineti, akaipima uzito mkononi, akaigonga kwa ukucha, akasema, “Huu mpingo.” Na kweli ulikuwa mpingo, maana klarineti nzuri za Ulaya hutengenezwa kwa mti huu wa kwetu wa Afrika Mashariki, ingawa siku hiyo mimi sikulijua hilo na nilidhani anakisia.

Niliamriwa kupuliza. Nikapuliza, vidole vikapanda ngazi yao, naye akatikisa kichwa kwa subira ya mtu anayesikia Kiswahili cha mgeni. “Mwanangu, mbona waruka? Nani akufukuzaye?”

Kisha akainuka, akapita nyuma yangu, akanizungushia mikono yake mabegani na kuilaza juu ya mikono yangu, kila kidole chake juu ya kidole changu. Viganja vyake vilikuwa vikavu na vizito. Aliniambia nipulize tu, nisishughulike na vidole, kwa kuwa sasa ni vyake. Nilipuliza. Aliviacha mahali pake kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, mpaka pumzi yangu ikatulia, ndipo alipoanza kukivuta kile cha chini kando ya tundu, polepole mno, na kabla hakijamalizika kuondoka akawa amekwisha kukigusa cha pili. Nami, kwa kuwa sikuwa na vidole tena, nilibaki na mdomo peke yake. Nilihisi taya likilegea, mdomo wa chini ukipunguza kukibana kilimi, na nyuma ya ulimi pakijipanga kwa namna ambayo sikuiamuru, huku sauti ikipanda na kupanda bila ya kipingili hata kimoja, mpaka juu kabisa, ambako alinishikilia hadi pumzi ikanikatika. Watoto waliokuwa mlangoni wakacheka. Mzee akasema, “Haya,” akachukua zumari yake, akaenda zake Riyadha.

Nimejiuliza mara nyingi alichonifundisha ni nini hasa, maana mpiga zumari hukiingiza kilimi chote kinywani na mdomo wake haukibani kama wetu, kwa hiyo yale ya taya na ulimi hakuwa nayo yeye wa kunipa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walichapisha vipimo vya mlio ndani ya vinywa vya wapiga klarineti, wakaonyesha kwamba katika glisando hii kazi kubwa hufanywa na koo na ulimi kuliko vidole. Nilifurahi kusoma hayo. Nikajiambia kuwa mzee aliniondolea vidole ili kinywa kipate nafasi, na nikaifanya hiyo kuwa njia yangu ya kufundisha: husimama nyuma ya mwanafunzi, nikavichukua vidole vyake. Baadhi yao hupata papo hapo, wengine hutoa ukelele uleule wa darini. Mwezi uliopita kijana mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake, ambaye sikuwa nimemgusa hata kidogo, aliipiga nzima kutoka chini hadi juu, na nilipomwuliza ameipataje, akanijibu kwa adabu kuwa ni vidole.