Ufito wa fimbo ya baharini: nilivyouchagua nikiwa Bukavu

Ufito ni mwili mtupu wa fimbo ya kuvulia, kabla ya kufungwa pete za kupitishia mshipi na rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi. Fimbo hii ni ya kuvulia kwenye boti, baharini upande wa Dar es Salaam, chambo kikishushwa miambani wanakokaa chewa na kolekole. Samaki hao wakinasa hukimbilia mwambani, na mshipi hukatikia huko. Ndiyo maana hesabu yangu ilianzia kwenye mshipi. Nilichagua wa ratili 50, karibu kilo 22.7. Breki ya rili, inayoachia mshipi samaki akivuta sana, huwekwa theluthi ya nguvu hiyo au pungufu kidogo, kwa hiyo nilitafuta ufito unaoinua kilo 7 na bado ubaki na nguvu shinani, yaani mwisho wake mnene.

Namba iliyochapwa juu ya ufito, tuseme ratili 30–50, ni makadirio ya mtengenezaji tu. Fito mbili zenye namba hiyo hiyo zinaweza kupinda tofauti kabisa. Mimi naamini bidoni, dumu la maji. Pete zinashikizwa kwa muda kwa skochi, utepe wa kunata, shina linabanwa mezani juu ya kitambaa kinene, ncha ikitazama juu kwa nyuzi 45. Mshipi unafungwa shinani, unapita pete zote, kisha unashika mpini wa bidoni. Hapo unamimina maji lita moja moja, kila lita kilo moja. Lita ya pili au ya tatu, ncha peke yake ndiyo inainama. Ikifika ya saba, mkunjo uwe umeshuka hadi katikati, na theluthi ya chini iwe karibu imenyooka. Mkunjo ukifika kwenye mshiko kwa lita tano, ufito ni laini mno. Ncha tu ikipinda kwa lita saba, ni mgumu mno: kila mshtuko wa samaki utaishia kwenye mshipi na mikono. Simama pembeni, na usiinue ncha kupita nyuzi 60, maana mzigo unahamia sehemu nyembamba na kaboni hukatika ghafla.

Ufito ukiwa bado kwa muuzaji wa mbali, mwombe picha ya jaribio hilo hilo kwa kilo 7. Anayejua kazi yake haoni taabu.

Faiba ya kioo ni nzito lakini inavumilia kugongwa na ukingo wa boti. Kaboni ni nyepesi na inapeleka kila mguso mkononi, ila kidonda kidogo tu kinatosha kuivunja siku ya mzigo. Nilichukua mchanganyiko wa vyote viwili, mita 1.8. Mrefu zaidi ya hapo unampa samaki nguvu dhidi ya mgongo wako, mita 2.1 hadi 2.4 ziwe za kurusha chambo mbali. Kiungo kiko kwenye mshiko, si katikati, hivyo sehemu inayopinda ni kipande kimoja na safari inawezekana. Usafirishe ndani ya tiyo ngumu ya plastiki, miisho imejazwa matambara.

Ukifika, uviringishe juu ya meza uone kama umenyooka, kisha pitisha ukucha taratibu kutoka shina hadi ncha. Mahali panapobonyea, au doa jeupe kwenye faiba, ni nyuzi zilizopondeka. Rudisha, rangi haitibu hilo. Na tusijaribu kaboni ziwani wakati wa ngurumo: inapitisha umeme, na Kivu yetu inapigwa radi kuliko sehemu nyingi za dunia.

Pima pia unene wa shina kabla ya kununua kikalio cha rili, kile kipande kinachovishwa shinani ili kuishika rili. Nafasi ikizidi milimita moja, ijaze kwa bushi ya faiba (pete ya kujazia) na gundi ya epoksi, si kwa karatasi ya skochi, kwani maji ya chumvi yakipenya karatasi inalainika na rili inazunguka. Kikalio cha alumini kisiguse kaboni moja kwa moja. Chumvi ikiingia kati yao, alumini ndiyo inayoliwa. Epoksi iifunike kaboni pande zote.