Kumbadilishia mteja kifurushi bila kumkata

Leo nimeshinda kwenye lango la wateja, yani ile mashine ambayo laini zote za intaneti za majumbani zinapita kwake kabla mtu hajatoka nje kwenye dunia, na swali lililonikaa kichwani kutwa nzima ni moja tu: mtu akinunua spidi kubwa zaidi, kwa nini tumkate kwanza ndo aipate?

Wengi kwenye hii kazi wanaona ni jambo dogo, unamkata, rauta inapiga tena, inarudi na kifurushi kipya, sekunde chache yameisha. Mi sikubaliani kabisa. Sesheni ya PPPoE, yani muunganiko wa rauta ya mteja na lango letu, haijengwi kwa mkupuo mmoja, rauta inatangaza kwamba inatafuta lango, lango linajibu nipo, rauta inaomba rasmi, lango linatoa namba ya sesheni, alafu ndo jina na neno la siri vinapelekwa seva ya RADIUS, ile inayohakiki wateja na kupokea hesabu zao, kwenye poti 1812 (poti ni kama mlango wenye namba), ikikubali inarudisha masharti ya huyo mteja, spidi yake, mara nyingi na anwani yake ya IP, na hesabu za matumizi zinaanza kwenda poti 1813. Ukimkata unavunja yote hayo. Na anwani ikibadilika, kila alichokuwa amekifungua kinakufa, simu ya video, faili lililofika asilimia 90, pengine mtu yuko katikati ya usaili wa kazi na sisi huku tunasema ni sekunde chache tu.

Dawa ipo miaka mingi, inaitwa CoA (Change of Authorization, yani kubadili ruhusa za mteja akiwa hewani), imeandikwa kwenye waraka wa viwango vya intaneti, RFC 5176 ya mwaka 2008. Hapa seva ndo inaanza mazungumzo, inaligongea lango poti 3799 na kuliambia sesheni fulani itoe huduma hii iweke ile. Mteja anabaki hewani, IP ileile, kinachogeuka ni sera ya spidi. Hata bando likiisha huna haja ya kumtupa nje, unamwekea huduma inayompeleka ukurasa wa malipo, akilipa unaiondoa. Na kuna kifungu mle nakipenda sana: mabadiliko yote yafanyike au lisifanyike hata moja. Lango likishindwa linarudisha NAK, yani jibu la kukataa, na mteja anabaki kama alivyokuwa, hakuna kumwacha na nusu ya kifurushi cha zamani na nusu ya kipya.

Sasa NAK zenyewe ndo zimenila muda leo. Logi imejaa msimbo 503, maana yake lango linasema sesheni uliyoitaja siijui, haipo kwangu. Ukifuatilia unakuta rauta ya mteja ilizimika na kuwaka, sesheni mpya ikazaliwa na kitambulisho kipya, lakini mfumo wa bili bado umeshika kile cha zamani kwa sababu taarifa ya kufunga haikufika (hizi taarifa zinasafiri kwa UDP, njia isiyohakikisha ujumbe umefika, lango linaweza kurudia kutuma mara kadhaa likachoka). Kwa hiyo amri inatumwa kwa sesheni iliyokufa, mteja kalipa, spidi haijapanda, anapiga simu akiwa amekasirika na ana haki.

Kitu kingine ambacho watu wanakipita haraka ni hesabu. Ukibadilisha huduma katikati ya sesheni, hesabu ya huduma ya zamani lazima ifungwe na ya mpya ifunguliwe, huku sesheni mama ikiendelea, la sivyo baiti za jana zinaliwa kutoka bando la leo. Alafu kaunta ya baiti ni ya biti 32, inajaa kwenye gigabaiti 4 na kidogo na kuanza upya sifuri, kwa hiyo mfumo usiosoma ile sehemu ya pili inayohesabu mizunguko utaona mtu aliyetumia 9 katumia kama 0.4 tu. Sesheni inayoishi muda mrefu inaligusa hilo haraka sana kuliko zile za kukatwakatwa.

Kesho nakaa na watu wa bili. Nataka wakipata 503 wasimwambie mteja azime rauta, mfumo utafute sesheni yake hai kwa jina lake, uchukue kitambulisho kipya, utume CoA tena wenyewe. Na taarifa za katikati, zile za matumizi ambazo lango linatuma sesheni ikiwa bado hai, nimeshaziweka kila dakika 10, zikikatika mara tatu mfululizo hiyo sesheni ihesabiwe imekufa.