Mkono Uliobaki Begani

Juzi mwanangu aliikuta picha ya zamani ndani ya bahasha, akaniuliza, "Mama, mkono huu ulio begani kwako ni wa nani?" Mahali pa uso wa mwenye mkono pana tundu la mstatili, lenye kingo zilizonyooka, kwa kuwa nilipiga mistari kwa rula kabla ya kukata.

Kaka alikuwa amekopa mara mbili kwa jina la biashara ya Baba, kisha akatoweka. Wakili alitueleza kwamba aliyemtambulisha mtu kuwa mwakilishi wake huweza kubanwa na ahadi za mtu huyo kwa wale wasiojua kuwa uwakilishi umekoma. Kwa hiyo wateja wa zamani tuwaandikie barua mmoja mmoja, na wengine tuwatangazie gazetini. Hilo hata leo naliona la haki, maana mkopeshaji asiyejua hana kosa.

Tangazo lilihitaji picha, nasi tulikuwa na hii tu. Baba aliiweka mezani, akanikabidhi mkasi. Nilianzia juu ya nywele za Kaka, nikashuka kando ya sikio, na nilipofika shingoni nikasita, kwa sababu mkono wake ulikuwa nje ya mistari. Nikauacha. Wakati huo Baba alikuwa akisoma rasimu kwa sauti: "Umma unatangaziwa kwamba mtu mwenye picha hapo juu si mwakilishi wetu tena, na atakayefanya naye shughuli yoyote kwa jina letu atafanya hivyo kwa hatari yake mwenyewe." Wakili hakuhitaji zaidi ya hayo. Baba alinyamaza kitambo, kisha akaniambia niongeze: "Wala si wa familia hii." Nilijua kwamba maneno hayo hayakumkinga mtu yeyote na deni lolote. Niliyaandika, kwa mwandiko nadhifu.

Tangazo likatoka. Madai mapya yakakoma, na Baba alifariki miaka mingi baadaye bila kulitaja tena. Kaka alinipigia simu mara moja tu, akaniuliza sentensi ya mwisho iliandikwa na nani. Nilimjibu kwamba ilikuwa ya Baba.

Mwanangu nilimwambia kwamba huo ni mkono wa mjomba wake. Aliigeuza picha, akaitazama kwa nyuma, akauliza kwa nini basi hatukuukata na mkono.