Majivu Sakafuni

Mwaka 1999 nilikuwa kidato cha kwanza, nikikaa kwa babu Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Siku moja nilirudisha karatasi ya jaribio la historia nikiwa nimeliacha wazi swali la umri wa nyayo za kale za Laetoli, ambalo jibu lake nilikuwa nalo. Sikulisahau. Nililiacha kwa kukusudia.

Jibu lenyewe nililijua kwa miguu yangu. Wiki mbili kabla, mwalimu alikuja darasani na debe la majivu ya kuni, akayamwaga kwenye sakafu ya saruji na kuyasawazisha kwa kipande cha ubao, kisha akanyunyizia maji kwa vidole, kidogo kidogo, kama mtu anayenyunyizia uwanja kabla ya kufagia. Akatafuta mwenye mguu mdogo kuliko wote. Nilikuwa mimi. Nikavua viatu na soksi, nikapita hatua tano. Majivu yalikuwa ya baridi, yakapenya katikati ya vidole. Nilipogeuka nikaona kisigino changu, uvungu wa wayo, na kidole gumba kilivyozama kuliko vingine. Pembeni, matone ya maji yalikuwa yameacha vishimo vidogo kama vya sindano.

Ndivyo ilivyokuwa Laetoli, alisema, kule upande wa Ngorongoro. Volkano ilimwaga majivu, mvua ndogo ikayalowesha, wakapita viumbe waliotembea kwa miguu miwili, kisha majivu mengine yakafunika yote. Mwaka 1978 watu wa Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, walizikuta nyayo hizo, mstari wa kama mita 27, na alama za matone ya mvua nazo zimo kwenye jiwe mpaka leo. Umri wake ni miaka milioni 3.6.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mkutano wa vijana wa usharika. Kiongozi wetu alikuwa kijana mwenye upendo wa kweli. Ukiugua alikuja kukuona, na mimi alikuja kuniona. Siku hiyo alisema dunia ina miaka elfu sita, Biblia imesema, na mwanafunzi anayeandika mamilioni kwenye mtihani amemwita Mungu mwongo kwa mkono wake mwenyewe. Akatusomea Yoshua: “chagueni hivi leo mtakayemtumikia.” Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilimpenda Mungu. Nikachagua.

Karatasi ilirudi na neno moja la wino mwekundu kando ya nafasi iliyo wazi: “Kwanini?” Ilitakiwa itiwe sahihi nyumbani.

Babu alikuwa mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri. Jirani wote walimwita Meku, yaani mzee kwa Kichagga. Nilimkuta kihambani, kwenye shamba la nyumbani, amesimama kwenye meza ya wavu, anachambua kahawa iliyooshwa, akitoa punje zilizovunjika na zile zilizoingia weusi. Nikamwamkia, nikampa karatasi, nikamweleza yote. Nilitegemea anisifu. Hakunisifu, wala hakunigombeza.

“Hiyo miaka elfu sita umeisoma wapi, mjukuu wangu?”

“Kwenye Biblia, babu.”

“Nionyeshe.”

Akaingia ndani akatoka na Biblia yake, imefungwa kwa kitambaa, ndani yake jani kavu la isale kama alama. Isale ndilo jani ambalo kwetu mtu humpelekea aliyekosana naye, akitaka wapatane. Nilifunua na kufunua. Haikuwepo. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba James Ussher, askofu mkuu huko Ireland, alijumlisha umri wa watu wa vizazi vya Biblia pamoja na kumbukumbu za wafalme, na mwaka 1650 akachapisha kwamba uumbaji ulikuwa mwaka 4004 Kabla ya Kristo. Ilikuwa kazi ya msomi makini wa zama zake, lakini ni hesabu yake. Mimi nilikuwa nimeacha swali kwa ajili ya aya ambayo haijaandikwa.

Babu akanifungulia Mwanzo 1, mstari wa 16. “Soma kwa sauti.”

Nikasoma: “Mungu akafanya mianga miwili mikubwa, ule mkubwa utawale mchana, na ule mdogo utawale usiku, akafanya na nyota pia.”

“Jua limetajwa wapi hapo?”

Nikatazama tena. Neno jua halikuwepo. Mwezi pia haukutajwa.

“Mungu kwa Kichagga ni nani?”

“Ni Ruwa.”

“Na jua?”

Nikanyamaza, kwa sababu ni neno lile lile. Nimelisema tangu utotoni na sikuwahi kulisikia.

“Wazee wetu hawakuliabudu jua,” babu alisema, “lakini Waisraeli walikaa kati ya watu walioliabudu kweli. Misri waliliabudu, Babeli waliliabudu. Sasa huyu anaandika habari za uumbaji, na hataki hata kulitamka jina lake. Analiita mwanga tu, kama unavyosema taa ile. Tena analiweka siku ya nne, wakati nuru ipo tangu siku ya kwanza, ili ujue nuru haikutoka kwake. Mwandishi huyu anabishana na mtu. Ukimjua anayebishana naye, utajua anasema nini. Habishani na mwalimu wako.”

Kisha akateremsha kidole hadi sura ya 2, mstari wa 4: “Siku ile BWANA Mungu alipoziumba mbingu na nchi.” Siku ile, moja. Ukurasa ule ule ulikuwa umetoka kuhesabu sita. Aliniachia kidole hapo mpaka nikaona mwenyewe.

Tangu hapo nimesoma mengi. Nimejua kwamba Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, aliumiza kichwa kuhusu siku hizo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, kabla ya mtu yeyote kupima umri wa mwamba, na aliwaonya Wakristo wasiseme ovyo juu ya mbingu na nchi kwa kisingizio cha Maandiko, watu wenye ujuzi wakayacheka Maandiko yenyewe. Wanaodhani usomaji wa namna hii ni woga wa sayansi ulioanza juzi wamekosea, na huwa naumia nikisikia ukifundishwa hivyo. Lakini siku ile nilikuwa na babu tu.

Nikamuuliza lile lililobaki. “Na Adamu, babu? Wale waliopita kwenye majivu walikuwa watoto wake?”

Alichambua kahawa kwa muda mrefu. Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye migomba, tukasikia mfereji tu.

“Hilo sijui,” alisema. “Paulo anamtaja Adamu kwenye Warumi, na wokovu wetu ameueleza kwa kumlinganisha Kristo naye. Siwezi kumfuta. Na hizo nyayo umenieleza mwenyewe jinsi zinavyokaa. Siwezi kuzifuta nazo. Nimehubiri zaidi ya miaka thelathini na hilo bado sijalimaliza. Wewe utaendelea nalo.”

Sikuwahi kumsikia mtu wa kanisa akisema hajui. Nilishika ukingo wa meza.

Akaomba kalamu. Chini ya lile “Kwanini?” akaandika kwa mwandiko wake wa kulala: “Alimwogopa Mungu. Naomba umpe nafasi ajibu.” Akatia sahihi.

Jumatatu mwalimu alisoma, akaisoma tena, akasogeza madaftari pembeni ili nipate pa kuandikia. Niliandika tarakimu zote, 3,600,000, nikihesabu sufuri moja moja.

Jumamosi nikaenda kwenye mkutano wa vijana mapema, kiongozi akiwa bado anapanga mabenchi. Nilikuwa nimeazima Biblia ya babu. Nikamsaidia benchi mbili, kisha nikaifungua penye jani la isale, Mwanzo 2, nikamwomba tusome wote.