Uingereza ilishatoka Florence, sheria yake ikabaki nyumbani

Watu wakisikia Brexit wanawaza forodha, samaki na wahamiaji. Mimi kilichonishika ni kitu kidogo ambacho karibu hakuna aliyekipigia kelele: chuo cha Florence huko Italia, European University Institute, kilichoanzia kwenye ile monasteri ya zamani ya Badia Fiesolana. Kilianzishwa kwa mkataba wa 1972 uliosainiwa na zile nchi sita waanzilishi wa Jumuiya ya Ulaya, kikapokea watafiti wa kwanza 1976, na kazi yake kubwa ni uzamivu kwenye historia, sheria, uchumi na sayansi ya siasa na jamii. Nchi wanachama ndizo zinazochangia bajeti na kugharamia watafiti wao wa uzamivu.

Sasa Uingereza ikajitoa Umoja wa Ulaya 31 Januari 2020, kipindi cha mpito kikaisha 31 Desemba 2020, na uanachama wa chuo nao ukaishia hapo manake mkataba ule ni wa nchi za Umoja. Hadi hapo rahisi.

Shida inaanzia nyumbani. Kwa Waingereza mkataba wa kimataifa peke yake haubadilishi sheria ya ndani mpaka Bunge lifanye kitu, na upande wa kutoka nao ni hivyohivyo, serikali inaweza kutoka kwenye mkataba leo lakini kilichoshaingia kwenye sheria za nchi hakijifuti chenyewe. Tena ile sheria ya kujitoa ya 2018 ilifanya makusudi kubakiza sheria za Ulaya zilizokuwa zinatumika ziendelee kama sheria za Uingereza, ili nchi isiamke asubuhi ikakuta mashimo kila mahali, halafu mawaziri wakapewa madaraka ya kutunga kanuni za kusafisha yale yasiyo na maana tena.

Na mkataba wa Florence unakuja na itifaki ya haki na kinga. Wafanyakazi wa chuo hawashtakiwi kwa walichofanya kikazi, mishahara yao haitozwi kodi ya taifa, nyaraka za chuo haziguswi ovyo. Vitu kama hivyo vikiachwa vinaelea kwenye sheria ya nchi ambayo si mwanachama tena, mtu anaweza kusimama mahakamani akadai kinga ambayo nchi haina wajibu wowote wa kuitoa, na hakimu atabaki anakuna kichwa. Kwa hiyo kuzifuta kinga hizo kwenye sheria ya Uingereza ni sawa kabisa, sipingi.

Ninachojali mimi ni namna ya kufuta. Chukua profesa aliyelipwa mshahara 2019, wakati nchi bado ni mwanachama. Ukiandika kwa haraka kwamba itifaki haitumiki tena, basi, ukaishia hapo, je mtoza kodi anaweza kurudi nyuma kumdai? Na uamuzi aliousaini kikazi mwaka ule, anaweza kushtakiwa leo? Haki aliyoipata mtu kihalali wakati mkataba unafanya kazi lazima ibaki yake, na ibaki kwa maandishi, kwenye kifungu kinachosema wazi kwamba ya kabla ya tarehe fulani yanalindwa. Kifungu hicho huwa kifupi, kinakaa mwishoni, wabunge wanakipita wakiwa wamechoka, na mimi naona ndicho chenye uzito kuliko kurasa zote zilizotangulia. Mtafiti aliye katikati ya uzamivu wa miaka minne naye yumo humohumo, ila kwake sheria pekee haitoshi, anahitaji hela itengwe kwenye bajeti mpaka amalize.

Linganisha na Euratom, jumuiya ya Ulaya ya nishati ya nyuklia, ambayo nayo Uingereza ilijitoa. Huko wakaguzi wa nyuklia wa Ulaya walikuwa wanaondoka kwa hiyo Bunge likalazimika kutunga sheria nzima ya 2018 kuweka ukaguzi wa kwao wenyewe, na ikajadiliwa kweli kweli kwa sababu kila mtu anaogopa nyuklia. Kazi ya kufuta inaonekana kama usafi tu, ndio maana haipati macho.

Halafu kuna kurudi. Kwenye Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, Uingereza ilirudi kama nchi shirikishi kuanzia 1 Januari 2024, baada ya miaka ya kuvutana na maabara kukaa roho juu. Wakitaka siku moja kurudi Florence pia, kwanza mkataba wenyewe itabidi ufunguliwe kwa nchi isiyo ya Umoja, na zile kinga zilizofutwa itabidi Bunge lizirudishe upya, kifungu kwa kifungu.